Uzi wa Zambarau

"Nani kakufundisha kushika pasi namna hiyo?"

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya kwanza ya mama yangu aliporudi. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, nimeinamia ukosi wa shati la mwalimu wa hesabu, na mvuke ulikuwa umenijaa usoni, kwa hiyo sauti ilinifikia kabla ya mwenyewe. Niliitambua. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza: baada ya miaka tisa ya kuamini kwamba nimeisahau, sikuhitaji hata kugeuka.

Sikuliunguza shati. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia kisa hiki hungoja shati liungue. Niliunyoosha ukosi kutoka ncha moja hadi katikati, kisha kutoka ncha ya pili hadi katikati, jinsi unavyopaswa kunyooshwa ili usiache mikunjo. Nikaisimamisha pasi. Nikalitundika shati kwenye hanga na kulifunga kifungo cha juu. Ndipo nilipogeuka, nikamwona amesimama upande wa wateja, begi dogo begani, akiukagua mkono wangu kama msimamizi wa mtihani.

"Shikamoo," nikamwambia. Ndivyo nilivyomwamkia kila mteja wa rika lake.

"Marahaba, Chiriku wangu," akaitikia, akainua ubao wa kaunta na kuingia ndani.

Chiriku! Jina hilo alinipa nilipokuwa mtoto wa maneno yasiyo na kituo, niliyeongea hata na soksi za watu. Aliniacha nikiwa na miaka saba. Sasa nilikuwa na kumi na sita, na maneno yalikuwa yamenipungua kiasi kwamba wateja wapya walidhani nimetoka kung'olewa jino. Mtaani niliitwa Dobi Mdogo. Chiriku alikuwa mtu mwingine, na mama yangu alikuwa amemjia huyo.

Baba alitokea uani akiwa amekumbatia beseni la mashuka mabichi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vilivyochujuka kwa sabuni kama kitambaa kilichofuliwa kupita kiasi. Alimwona. Maji yakawa yanamdondokea viatuni, naye hana habari. Nami nikangoja. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemtungia baba hotuba ya siku hiyo. Nilikuwa nimeipanga, nikaipunguza hapa, nikaiongeza makali pale. Nilijua hata mahali ambapo angenyamaza ili neno lizame.

"Umekula?" baba akauliza.

"Bado."

"Kuna chakula jikoni. Kimefunikwa."

Hivyo ndivyo mama yangu alivyorejea nyumbani: kama mtu aliyekuwa ametoka kununua kibiriti.

*

Alikuwa ameondoka kwenda mji mwingine kusomea ushonaji, kozi ya miezi michache. Salamu zilikuja, zikapungua, zikakatika. Hakuna aliyegombana na yeyote. Hakukuwa na mlango uliobamizwa ambao ningeweza kuushikilia katika kumbukumbu na kusema, hapa ndipo. Aliondoka asubuhi moja akiwa amenisuka nywele, na nywele zile zilifumuliwa na shangazi yangu, dada yake baba, zilipokuwa zimeanza kutimka.

Sasa alikuwa amerudi na kila kitu kilimshangaza. "Kwani lile beseni jekundu liko wapi?" Lilipasuka. "Lini?" Zamani. "Mbona hamkuniambia?" Nilimtazama nikitafuta dalili ya mzaha usoni mwake, nisiione. Alihamisha hanga kutoka kushoto kwa meza ya pasi hadi kulia, kwa hiyo mkono wangu ukawa unashika hewa siku nzima. Aliufagia ua nilioufagia. Aliionja mboga yangu, akatafakari, akaongeza chumvi. Alilala chumbani mwangu, kitandani mwangu, nami chini kwenye godoro, akikoroma kwa amani ya mtu ambaye hajamkosea yeyote. Na alikuwa akiimba. Kufua alifua akiimba, kuanika akiimba, kuanua akiimba, wimbo mmoja usio na mwisho wala mwanzo, hata kinyozi wa ng'ambo ya barabara akavuka kuja kuchungulia.

"Dobi Mdogo," akaniambia akiegemea kaunta, "naona umeletewa bosi."

"Mgeni," nikasema.

"Mgeni gani anayefua? Mimi wageni wangu hula tu."

Baba, kwa upande wake, hakuuliza kitu. Alimpisha njiani. Alimsogezea kiti. Nilipomkodolea macho alinong'ona, "Mpe muda, mwanangu," kana kwamba muda ndio tuliokuwa tumemnyima.

Jumatatu iliyofuata tulikuwa uani tukikamua blanketi. Blanketi zito halikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha hii, mwingine ile, wakasokota kinyume kinyume hadi likawa kamba nene inayotoa jasho. Zamani ncha ya pili ilikuwa ya mama. Nilipopata nguvu za kutosha ikawa yangu. Ni kazi inayowalazimisha watu wawili kutazamana, na ndiyo sababu baba, aliyekuwa na haya, aliyasemea hapo mambo yake yote makubwa.

"Nimezungumza na mama yako," akasema.

"Afadhali."

"Anataka kubaki."

Nikasokota. Maji yakachuruzika kati yetu.

"Nimemwambia mimi sina neno," baba akaendelea. "Wewe ndiye uliyekua bila yeye. Kwa hiyo ukisema abaki, atabaki. Ukisema aende, ataenda, na hatakulaumu, amenikubalia hivyo. Fikiri mpaka Jumapili."

"Baba, wewe unataka nini?"

"Ninachotaka ni kile utakachotaka wewe."

"Mimi ninachotaka ni kujua unachotaka wewe."

"Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Neno ni lako."

Niliachia ncha yangu. Blanketi lote lilianguka topeni. Laiti angefoka! Laiti angeniita mpumbavu, mkaidi, mtoto asiye na shukrani, kitu chochote. Baba aliinama, akaliokota kwa mikono miwili, akalitazama tope lake, akasema, "Haya, tulisuuze tena."

Nimekuja kusoma baadaye, katika maandishi ya watu ninaowaheshimu, kwamba mtoto anapaswa kusikilizwa katika mambo ya nyumba yake. Sina ugomvi na maandishi hayo. Baadhi yake nayafundisha. Lakini mimi sikusikilizwa. Nilivishwa joho la hakimu lililokuwa refu kuliko mimi, kisha watu wazima wawili wakajipanga mbele yangu na mikono nyuma. Kama ningesema abaki, ningekuwa nimemsamehe kwa niaba ya mtu ambaye hajasema hata kama amekasirika. Kama ningesema aende, ningekuwa nimemfukuza mama yangu mimi mwenyewe, na baba angebaki na mikono safi na macho ya huzuni maisha yake yote.

Alhamisi shangazi alikuja kuniongezea moto. Aliketi juu ya gunia la nguo chafu kwa sababu viti vyetu, alisema, vilikuwa vya watu wembamba.

"Wewe binti, mbona unamtesa kaka yangu? Sema ndiyo tuendelee na maisha."

"Yeye mwenyewe hana mdomo, shangazi?"

"Nani, kaka yangu? Huyo hata kiatu kikimbana husema mguu umenenepa."

Nilicheka bila kutaka, na hasira yangu ikanisaliti kwa dakika nzima.

Jioni hiyo niliosha vyombo na mama. Aliosha yeye, nikapangusa mimi. Nilimuuliza moja kwa moja alikuwa wapi.

Alisugua sufuria ambayo ilikuwa imetakata zamani. "Baba yako hajaniuliza," akasema.

"Nakuuliza mimi."

"Najua. Lakini nikikwambia wewe kabla yake, Chiriku, nitakuwa nimekosea mara ya pili."

"Kwa hiyo mimi niamue bila kujua."

"Sikuomba uamue. Hilo ni la baba yako."

"Basi mwambie hivyo!"

"Nilimwambia. Akasema, sawa, ukitaka, kisha akaja kukuuliza wewe."

Tukabaki tumetazamana juu ya beseni, na kwa mara ya kwanza tangu aje nilimwona mama yangu amechoshwa na kitu kilekile kilichonichosha mimi. Haikunifurahisha. Sikutaka tuwe na kitu cha pamoja.

*

Lazima nieleze alama zetu, kwa sababu ndizo zilizoivunja wiki ile.

Nguo za watu zikishaingia katika beseni moja hufanana. Kila shati jeupe ni ndugu wa shati jeupe. Dobi wengine huandika kwa wino, lakini wino huvuja, na wateja hawapendi kuvaa maandishi shingoni. Mama alikuwa amebuni njia yake kabla sijazaliwa: mshono mdogo wa uzi ndani ya ukosi au ndani ya mkanda wa suruali, mahali ambapo mvaaji hatauona. Kila nyumba ilikuwa na rangi yake na umbo lake. Nyekundu yenye msalaba, kijani yenye fundo, manjano iliyolazwa. Haikuandikwa popote, ilikaa kichwani mwa mwenye sindano.

Alipoondoka, sindano ilirithiwa na baba, ambaye hakuweza kupitisha uzi tunduni bila kujichoma, kisha ikaja kwangu. Na mtaa hausimami. Watu walihama, walioana, walikosana nasi kwa sababu ya vifungo, walikufa. Rangi ni chache kuliko watu. Mteja akitoweka, baada ya muda wa heshima niliichukua alama yake na kumpa mgeni. Nilipofika miaka kumi na sita, njia ya mama ilikuwa imebaki kama lugha ambayo maneno yake ni yaleyale lakini maana zote zimehama.

Ijumaa nilirudi kutoka shule na kuikuta rafu tupu. Mafurushi yote niliyoyafunga usiku wa jana yake kwa ajili ya Jumamosi yalikuwa yameondoka. Baba alikuwa amekwenda kutengenezesha pasi kubwa tangu asubuhi, na yeye pia ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Mama alikuwa amesimama katikati ya duka na jasho la ushindi usoni.

"Nimezipeleka zote," akasema. "Nyumba kwa nyumba. Mmepumzika."

"Umejuaje za nani?" nikauliza, ingawa nilikuwa nimekwisha jua.

"Jamani, Chiriku. Kwani alama si zangu?"

Nilikaa juu ya gunia. Niliwaona wote, mmoja mmoja. Koti jeupe la daktari wa meno lilikuwa limekwenda kwa muuza nyama, ambaye, tuliambiwa baadaye, alilivaa palepale na kulisifu. Sare ya mlinzi wa benki ilikuwa kwa mwalimu wa hesabu. Nguo za ndani za bibi harusi mtarajiwa zilikuwa mahali ambapo hadi leo sipendi kupafikiria. Nilitaka kupiga kelele lakini kicheko na kilio viligombania mlango mmoja, visipite vyote viwili.

"Mwambie," nikamwambia baba. "Mwambie alichofanya."

Baba alikuna shingo. "Alitaka kusaidia."

"Baba!"

"Zitapatikana, mwanangu. Nguo hazina miguu."

Wakati huo ndipo mjane mmoja alipoingia.

Alikuwa mke wa mzee mmoja aliyefanya kazi posta, na tangu mumewe afariki alikuwa akifua nguo zake mwenyewe, kwa hiyo ulikuwa umepita muda mrefu hajakanyaga kwetu. Alilitua furushi juu ya kaunta taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Karatasi ilikuwa imefunguliwa na kufungwa tena. Nikaona ukosi wa shati la juu, umegeuzwa, na ndani yake uzi wa zambarau wenye fundo. Zamani ulikuwa wa mzee wa posta. Sasa ulikuwa wa fundi mmoja mnene wa kupima viwanja.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Hakuwa ananitazama mimi. "Asubuhi nimeletewa hizi. Nikaambiwa, hizi ni nguo za mzee. Nikadhani labda kuna chache zilisahaulika hapa wakati ule, na sasa mmezipata." Aliilainisha karatasi kwa kiganja. "Nilikaa nazo. Sikufungua upesi. Nilichemsha chai kwanza. Nilipofungua nikaona si zake. Yeye hakuwa mnene."

Nje, kinyozi alikuwa akimcheka mtu.

"Mimi ndiye niliyezileta," mama akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nisamehe. Sikujua kwamba amefariki."

"Hapana," mjane akasema kwa upole kabisa, bila sumu yoyote. "Ungejuaje? Hukuwepo."

Akatuaga, akatoka, akishika ukuta kidogo pale penye kizingiti.

Nilimgeukia baba ili nimwambie tena amwambie. Sikuhitaji. Alikuwa amesimama na ile pasi iliyotengenezwa mkononi, ameishika kwa namna ambayo si ya kupigia pasi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Aliiweka juu ya meza kwa nguvu hata hanga zikagongana.

"Ulikuwa wapi?" akasema.

Mama alimtazama.

"Nakuuliza wewe! Ulikuwa wapi?" Sauti ile sikuwahi kuisikia. Ilikuwa nene, yenye kutu, kama bomba lililofungwa miaka mingi likaanza kutapika maji mekundu. "Mzee amekufa, tumezika, mkewe amebaki peke yake, wewe huna habari! Mtoto ameota meno mengine, huna habari! Nimelala na homa mwezi mzima, huyu amefua peke yake akiwa amesimama juu ya ndoo, huna habari! Halafu unakuja kunipangia hanga!"

"Ndiyo kwanza unauliza!" mama naye akalipuka. "Hatimaye! Nilifeli ile kozi, umesikia? Nilifeli, nikaona aibu. Nikasema nitarudi nikipata kazi. Nikapata, nikasema nitarudi nikiwa na kitu mkononi. Mwaka ukazaa mwaka. Kila siku nilisema leo atakuja kunitafuta. Ungekuja na matusi, ungekuja na fimbo, ningepanda gari nawe siku hiyohiyo!"

"Nilijua unataka kuachwa!"

"Ulijua kwa kumuuliza nani? Hukuwahi kuniuliza kitu mimi! Nimeishi na wewe kama ninavyoishi na ukuta uliopigwa pasi!"

"Na mtoto? Mtoto naye alikuwa ukuta?"

Mama akasema, kwa sauti ambayo ilikuwa bado ya juu lakini imepasuka katikati, "Hilo sina la kujitetea. Hilo nipige nalo."

"Nitakupiga nalo!" baba akafoka, mtu ambaye hakuwahi kumpiga hata mende. "Njoo huku ndani, watu wasisikie!"

Wakaingia chumba cha nyuma na kuufunga mlango, ambao ulikuwa wa mbao nyembamba na haukumzuia mtu yeyote kusikia.

Nilibaki peke yangu dukani. Nakumbuka nilisubiri waniite. Nilifikiri mmoja wao angefungua mlango aniulize nasemaje, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa na Jumapili ilikuwa karibu. Hawakuniita. Walikuwa wamenisahau kabisa, wamezama katika ugomvi ambao ulikuwa wao tangu mwanzo, wakirushiana miaka. Nilihisi mabega yangu yakishuka, nikagundua kwamba wiki nzima nilikuwa nimeyainua. Nilizirudisha hanga kushoto. Nikalichukua furushi la fundi wa kupima viwanja, nikakata uzi wa kulifungia, nikalifunga upya.

Kinyozi alivuka barabara na taulo begani. Alikuwa amefuata shati lake la krimu, lile la kwendea kwa wakwe. Ndani, kitu cha bati kilianguka, na baba akasikika akisema, "Na lile beseni jekundu ulilipasua wewe!" na mama akisema, "Mwongo mkubwa!"

Kinyozi alitega sikio, nyusi zikapanda.

"Kuna nini humo, Dobi Mdogo?"

"Wazazi wangu wanagombana."

"Vibaya?"

"Ndiyo kwanza wameanza."

Akatikisa kichwa kama mtaalamu. "Basi nipe shati langu nikukimbie."

"Halipo. Liko kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Hatujui bado. Rudi kesho jioni," nikamwambia. "Kuanzia asubuhi sisi sote watatu tutakuwa mitaani, tukitafuta nguo za watu."

Alinitazama, akautazama mlango wa nyuma, akanitazama tena. Alikuwa mtu wa maneno mengi yule kinyozi, lakini siku hiyo hakuniuliza wa tatu ni nani.